UZI: Joto peke yake halileti mwani wa sumu. Ziwa likikosa upepo ndipo maji yanapogeuka (Viktoria, Kyoga, George)

#1 Ziwa_na_Upepo

Wakuu, salamu kwenu nyote. Kila mara ghuba ya Murchison, pale Kampala kwenye Ziwa Viktoria, ikigeuka kijani kama rangi ya mlango, maelezo yanayosambaa ni hayo hayo: dunia inapata joto, mwani unapenda joto, basi. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila yanatufanya tutazame kipimajoto huku mambo makubwa yakipita kwenye upepo, mvua na mitaro. Naweka hapa jinsi ninavyoelewa mchakato wenyewe. Wa mitambo ya maji, wa vizimba vya samaki na wa maabara mtanisahihisha.

Kwanza, tunachokiita mwani wa sumu si mwani halisi. Ni sainobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea. Kwetu anayetawala mara nyingi ni Microcystis, ambaye seli zake hukaa kwa makundi ndani ya ute. Wapo pia Dolichospermum (vitabu vya zamani vinamwita Anabaena) na Raphidiopsis. Microcystis ana vifuko vya gesi ndani ya seli vinavyomwezesha kuelea. Hawa wengine wawili huongeza uwezo wa kuchukua naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani. Sumu ya Microcystis inaitwa maikrosistini, hushambulia ini, na imeshapatikana katika maji ya maziwa ya Viktoria, George, Edward na Mburo.

Sasa joto. Maji ya juu ya Viktoria huwa nyuzi 24 hadi 27 karibu mwaka mzima. Sainobakteria hao tayari wako karibu na joto wanalolipenda, kwa hiyo nyuzi moja zaidi haiongezi sana kasi ya kukua. Inachobadilisha ni uzito wa maji. Maji yakipanda kutoka nyuzi 5 hadi 6, kila mita ya ujazo hupungua takriban gramu 24. Yakipanda kutoka nyuzi 24 hadi 25, hupungua takriban gramu 250. Mara kumi! Ndiyo maana katika ziwa la tropiki tofauti ndogo ya joto kati ya juu na chini inatosha kuweka maji ya juu kama kifuniko, na upepo unahitaji nguvu nyingi zaidi kukichanganya na ya chini.

Viktoria huanza kujigawa matabaka karibu Septemba, mgawanyiko huwa mkali kati ya Januari na Aprili, kisha pepo za kusini-mashariki za Juni hadi Agosti hulikoroga. Hewa ikizidi kupata joto, au upepo ukizidi kulegea, kifuniko hukaa muda mrefu zaidi. Yanayofuata ni haya:

Diatomu, ule mwani wenye ganda la silika, ni mzito na hauna vifuko vya gesi. Maji yasipokorogwa unazama gizani na kufa. Microcystis anabaki juu kwenye mwanga.

Huko chini oksijeni huliwa mpaka ikaisha. Oksijeni ikiisha, chuma kilichokuwa kimeishika fosforasi kwenye tope hubadilika na kuiachia. Fosforasi hiyo husubiri chini, na siku dhoruba au msimu wa upepo ukilikoroga ziwa, hupanda juu kwa mkupuo.

Kwa hiyo ziwa linajilisha lenyewe kutoka kwenye akiba ya miaka iliyopita. Vipimo vya J. F. Talling vya 1960 na 1961, pamoja na vilivyofanywa na wengine miaka ya 1990, vinaonyesha mabadiliko hayo waziwazi: diatomu wa Aulacoseira waliokuwa wengi wakapungua, silika ya majini ikashuka sana, na sainobakteria wakashika nafasi. Sangara aliyeletwa miaka ya 1950 na 1960 na gugumaji lililoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilichangia kuvuruga ziwa, lakini chakula cha mwani kilitoka nchi kavu na angani: mashamba, majitaka, vumbi na moshi wa kuchoma nyasi.

Na mvua. Viktoria hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na kiasi kama hicho huondoka kwa mvuke. Mvuke hauondoki na fosforasi. Kinachoingia kimeingia.

#2 MtamboWaMaji

Ssebo Ziwa_na_Upepo, maelezo mazuri. Nichukue upande wa kusafisha maji, kwa sababu hapa ndipo mlipuko wa mwani unapogeuka kuwa suala la afya ya mji mzima. Mtambo wa Ggaba, unaosafisha maji ya Kampala, huchota maji yake kwenye ghuba ileile ya Murchison inayopokea mtaro wa Nakivubo wenye maji machafu ya mji. Mtambo wa Katosi kule Mukono ulijengwa sehemu ambayo ziwa liko wazi zaidi, na tofauti ya maji ghafi ni kubwa.

Kosa la kwanza na baya kuliko yote ni kuongeza klorini mwanzoni, kwenye maji ghafi, mara mwani unapoonekana. Inaonekana ni busara kwa sababu mwani unakufa na rangi inapungua. Lakini sumu nyingi ya Microcystis iko ndani ya seli. Seli nzima unaweza kuikamata kwa shabu, kuituamisha na kuichuja. Ukiipasua kwa klorini, sumu inayeyuka majini na chujio la mchanga wa kasi halina la kuifanya. Wakati wa mlipuko, simamisha klorini ya awali. Ondoa seli zikiwa nzima, halafu ndipo uue.

Kosa la pili ni kutofuatilia pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) kwa saa. Mwani ukifanya kazi juani hula kaboni ya majini na pH hupanda kupita 9 alasiri, usiku inashuka tena. Shabu hufanya kazi vizuri pH ikiwa kati ya 6 na 7 hivi. Kipimo cha shabu kilichopangwa saa moja asubuhi hakitafaa saa nane mchana. Jaribio la vikombe lifanyike angalau mara mbili kwa siku: vikombe sita vya lita moja, koroga kwa kasi dakika 1, polepole dakika 15 hadi 20, acha vitulie dakika 30, kisha soma uchafu na pH ya kila kimoja.

Na hapa pana mtego. Maji ya Viktoria hayana alkali nyingi, ni kama miligramu 45 hadi 50 kwa lita ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Kila miligramu ya shabu hula takriban nusu miligramu ya alkali hiyo. Ukilazimika kutia shabu miligramu 70 kwa lita, umeshakula 35, na pH inaweza kuporomoka ghafla mpaka madonge ya uchafu yasishikane. Chokaa iwe tayari kabla ya kuihitaji.

Seli za Microcystis huelea, kwa hiyo tangi la kutuamisha hupigana na maumbile yao. Madonge yanayopanda badala ya kushuka si dalili ya shabu mbovu, ni vifuko vya gesi. Mitambo inayoelesha madonge kwa viputo vidogo vya hewa na kuyakwangua juu huwashinda vizuri zaidi. Tope lisikae matangini siku nyingi, kwa sababu seli zikioza humo zinaachia sumu. Maji ya kuoshea machujio yasirudishwe mwanzoni mwa mtambo wakati wa mlipuko.

Kwa sumu iliyoyeyuka kuna mkaa hai wa unga, yaani mkaa wa kiwandani wenye matundu mengi ya kunasa sumu. Hesabu yake ni nyepesi: miligramu 1 kwa lita ni kilo 1 kwa kila mita za ujazo 1,000. Mtambo wa mita za ujazo 10,000 kwa siku ukitia miligramu 20 kwa lita unahitaji kilo 200 kila siku. Utie mbali na klorini, kwa maana klorini na mkaa hulana, na uupe mkaa dakika 30 hadi 60 za kugusana na maji kabla ya machujio. Uliotengenezwa kwa mbao hushika maikrosistini vizuri kwa kuwa matundu yake ni mapana.

Mwisho kabisa ndipo klorini: ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, na pH iwe chini ya 8. Sababu ya pH ni hii: ikiwa 7, kama robo tatu ya klorini iko katika hali yenye nguvu, ikiwa 8 inabaki robo, ikiwa 9 ni asilimia 3 tu. Kipimo cha klorini kitaonyesha namba nzuri huku klorini yenyewe haifanyi kazi.

#3 Kizimba_Jinja

Asanteni. Upande wa vizimba, watu wengi hufikiri samaki wanauawa na sumu ya mwani. Sato wa kizimbani hufa zaidi kwa kukosa hewa. Hebu wakuu mtusaidie na namba, maana wafugaji wengi hapa ghuba ya Napoleon, Jinja, na upande wa Buikwe hupima oksijeni saa nne asubuhi, wanaona iko sawa, kisha kesho yake alfajiri wanakuta samaki wamegeuka tumbo juu.

Nitaje pia jambo ambalo sisi wafugaji hatupendi kulisikia. Tani moja ya sato inayolishwa kwa uwiano wa kilo 1.6 za chakula kwa kilo ya samaki hula kilo 1,600. Chakula chenye fosforasi asilimia 1 kina kilo 16 za fosforasi. Mwilini mwa samaki hubaki kama kilo 7 au 8. Nyingine zote ziko majini chini ya kizimba. Ghuba isiyo na mkondo haiwezi kubeba hilo mwaka baada ya mwaka.

#4 Ziwa_na_Upepo

Ndugu Kizimba, nakushukuru kwa kusema hilo bila kuzungushazungusha.

Namba za oksijeni: Viktoria iko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwenye pwani maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hubeba miligramu 8.3 kwa lita. Kwetu, kwa sababu hewa ni nyepesi, yanabeba kama 7.2. Yakifika nyuzi 28 ni kama 6.8. Kwa hiyo joto linapunguza akiba kidogo, na samaki wenyewe wanahitaji oksijeni zaidi wakipata joto. Nafasi ya makosa inabana pande zote mbili.

Mchana mwani hutoa oksijeni na kipimo kinaweza kupita asilimia 100 kwa mbali. Usiku mwani wote unapumua, samaki wanapumua, tope linapumua, na hakuna anayetoa. Kiwango cha chini kabisa huwa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Pima hapo, kwa kina mbili: mita 1 na kwenye sakafu ya wavu. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, usilishe asubuhi hiyo, kwa kuwa samaki aliyekula hutumia oksijeni zaidi kwa saa kadhaa akisaga chakula. Mawingu mazito siku mbili au tatu mfululizo wakati maji ni ya kijani ni hatari: uzalishaji wa mchana umepungua, upumuaji wa usiku uko palepale.

Hatari kubwa zaidi ni dhoruba baada ya wiki za utulivu. Inalipindua tabaka, maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda na harufu ya yai bovu. Samaki huru anaweza kukimbia, wa kizimbani hana pa kwenda. Mwishoni mwa Desemba 2020 na mwanzoni mwa Januari 2021 hata walio huru hawakunusurika: sangara wengi, wale tunaowaita mputa, walikufa Viktoria na Kyoga, na wataalamu wa serikali walitaja upungufu wa oksijeni. Sangara huathirika kabla ya sato kwa kuwa anahitaji oksijeni nyingi zaidi.

Ukiweka kipuliza hewa, kining'inize ndani ya kizimba, juu ya sakafu ya wavu. Kukiweka chini kabisa kwenye tope ni kuyapandisha maji mabaya kwa mkono wako mwenyewe.

Kitu kingine ni amonia. pH ikiwa 7, amonia yenye sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote katika maji ya nyuzi 26. Ikiwa 8 ni kama asilimia 6. Ikiwa 9 ni asilimia 38. Amonia ileile ambayo wiki jana haikuwa na neno, leo alasiri inaunguza matamvua, na hakuna aliyeongeza chochote majini. pH ndiyo iliyopanda.

#5 Darubini_Mwani

Niingie kwa utambuzi, kwa sababu si kila kijani ni sumu na si kila sumu inaonekana.

Mwaloni (pale samaki wanaposhushwa ufukweni), bila maabara: vaa glovu, chukua chupa inayoonyesha ndani, jaza robo tatu, acha kivulini bila kutikisa usiku kucha. Kijani kikipanda na kuunda mstari juu, shuku sainobakteria. Kikizama, huenda ni mwani wa kawaida. Kipimo cha pili ni kijiti: ukichovya kikatoka na nyuzi ndefu kama nywele, ni mwani wa nyuzi, kikatoka kimepakwa kama rangi, ni hao tunaowazungumzia. Vipimo hivi havisemi kitu kuhusu kiasi cha sumu. Ndani ya spishi ileile ya Microcystis kuna wenye jeni za sumu na wasio nazo, na kwa darubini huwezi kuwatofautisha. Maji mawili yenye rangi moja yanaweza kutofautiana sumu mara mia.

Uwazi wa maji upimeni kwa sahani ya Secchi. Kata bati au ubao wa kipenyo cha sentimita 20, paka robo nyeusi na nyeupe kwa kupishana, funga uzito chini, na kamba yenye alama kila sentimita 10. Shusha upande wa kivuli wa mtumbwi kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Andika inapopotea, andika inapoonekana tena, chukua wastani. Gharama yake ni ndogo mno, na mwalo ukiwa na daftari la kila wiki kwa miaka mitano una ushahidi ambao hakuna mradi wa miezi sita unaoweza kuutoa. E. B. Worthington alishusha sahani ya namna hiyo Viktoria mwaka 1927, na ndiyo maana leo tunajua ziwa lilikuwa na uwazi wa mita kadhaa zaidi.

Sampuli za maabara ni mbili tofauti, na watu huzichanganya. Ya kuhesabu seli: tia iodini ya Lugol mpaka maji yawe na rangi ya chai isiyo nzito, kama mililita 1 kwa mililita 100. Ya sumu: usitie Lugol. Tumia chupa ya kioo cha kahawia, iweke gizani kwenye barafu, ifike maabara siku hiyohiyo au igandishwe. Plastiki nyingi hushika maikrosistini ukutani, ukapata namba ndogo kuliko ukweli. Kabla ya kupima sumu yote, gandisha na kuyeyusha mara tatu ili seli zipasuke. Usipofanya hivyo umepima iliyoyeyuka tu, na ripoti itasema maji ni salama.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani kwa maikrosistini: maikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya maisha yote, 12 kwa kipindi kifupi, 24 kwa maji ya kuogelea. Kiwango cha 12 kimewekwa ili mji usikatiwe maji kwa wiki mbili za mlipuko huku mtambo ukirekebishwa. Si ruhusa ya kuzoea.

#6 JichoLaSatelaiti

Kwa ufupi, kwa wanaotaka kufuatilia bila mtumbwi. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila siku 5, chembe ya picha mita 10 hadi 20, na picha ni bure. Chukua bendi (kipande cha mwanga kinachopimwa peke yake) ya 5 na ya 4, toa, kisha gawanya kwa jumla yake: (B5 − B4) ÷ (B5 + B4). Namba ikipanda juu ya sifuri, klorofili, rangi ya kijani ya mwani, ni nyingi. Sentinel-3 ina chembe ya mita 300, haifai ghuba nyembamba, lakini ina bendi ya nanomita 620 inayoona rangi ya bluu ya sainobakteria. Sentinel-2 haina bendi hiyo, kwa hiyo inakuambia pana kijani, haikuambii cha nani.

Makosa ya kawaida kwetu: gugumaji linasomwa kama mlipuko mkali sana, kwa hiyo liondoe kwanza kwa bendi ya 8. Matope ya mto baada ya mvua pia hudanganya. Na wiki za mvua ambazo tungetaka sana kuona, mawingu yanafunika.

#7 Mwalo_Masese

Wakuu, sisi tunaoshughulika na samaki na familia za mwaloni tunaulizwa mambo matatu kila mara. Je, kuchemsha maji kunatosha? Mkaa wa jikoni unaweza kuchuja? Na mukene (dagaa wa ziwani) waliokaushwa wana sumu? Mjibu kwa lugha ambayo mama wa nyumbani ataichukua.

#8 Darubini_Mwani

Nyabo, najibu moja moja.

Kuchemsha: hapana, kwa sumu hii. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na taifodi, na lazima kuendelee. Lakini maikrosistini haiharibiwi na moto wa jikoni. Maji yenye utando wa kijani yakichemshwa, seli hupasuka na sumu yote inaingia majini, na yakichemka muda mrefu yanapungua huku sumu ikibaki. Kuanika chupa juani nako hakutegemeki.

Mkaa wa jikoni: hauna matundu madogo ya mkaa hai. Utapunguza harufu kidogo na kukupa imani isiyo na msingi.

Kinachosaidia nyumbani ni kuepuka seli zenyewe. Usichote palipo na utando, hata kwa kuusukuma pembeni kwa jerikeni. Asubuhi baada ya usiku mtulivu utando huwa juu kabisa, kwa sababu usiku seli hutumia sukari iliyozitia uzito, zikawa nyepesi na kupanda. Mchana upepo wa ziwani huusukuma ufukweni. Kwa hiyo hakuna saa moja salama. Angalia maji yenyewe. Ukiweza, chota mbali na ufuko, kina cha zaidi ya nusu mita, au tumia kisima kilichochimbwa mchangani mita kadhaa kutoka ukingoni, ambako mchanga umechuja kabla yako. Kwanza chuja, ndipo uchemshe; usigeuze.

Chujio la mchanga la polepole ni zuri zaidi ya watu wanavyodhani. Mchanga safi wa milimita 0.15 hadi 0.35, kina cha sentimita 60 hadi 100, maji yashuke sentimita 10 hadi 30 kwa saa, na mchanga usikauke kamwe. Baada ya wiki kadhaa hujengeka juu yake utando hai wenye bakteria wanaokula hata sumu iliyoyeyuka. Chujio jipya, au lililosuguliwa leo, halina uwezo huo. Wakati wa mlipuko usilisugue isipokuwa limeziba kabisa.

Mukene: sumu hukaa zaidi kwenye utumbo na ini. Sato na sangara unawapasua na kutupa matumbo, na minofu huwa na kiasi kidogo. Mukene huliwa mzima, kwa hiyo ndiye wa kuangaliwa zaidi. Kukausha na kukaanga hakuiondoi. Kipimo cha kila siku kinachokubalika ni maikrogramu 0.04 kwa kilo ya mwili, yaani mtu wa kilo 60 asizidi 2.4, mtoto wa kilo 10 asizidi 0.4. Simwambii mtu aache mukene, maana ni protini ya bei nafuu kuliko zote. Ila waliovuliwa kwenye maji ya kijani karibu na mji wasiwe ndio uji wa mtoto mchanga kila siku. Wa ziwa la wazi ni bora.

#9 Kizimba_Jinja

Nyongeza kuhusu sato, ngege kwa wenzetu wa Luganda. Ziwa George lina kina cha wastani cha mita 2.4 tu, na Microcystis amekuwa humo mwaka mzima tangu wanasayansi walipolichunguza miaka ya 1960. Ngege wa pale humla na kumsaga, kwa sababu asidi ya tumbo lake hushuka hadi pH chini ya 2. Kwa hiyo mtu akisema "maji ya kijani hayana samaki," George inampinga. Ziwa lenye kina kifupi hukorogwa kila usiku likipoa, na tabaka halidumu. Ndiyo hoja ya upepo ileile, kwa njia nyingine.

#10 Daktari_Mifugo_Kiruhura

Kwa wafugaji wa ng'ombe: bwawa la kunyweshea likiwa na utando, mnyama hufa haraka kuliko mganga anavyofika. Ng'ombe anakunywa lita 40 au zaidi kwa siku ya joto, na upepo hukusanya utando upande mmoja, mara nyingi ndio upande wa njia ya kuingilia. Dalili: udhaifu wa ghafla, ufizi kupauka, kuhara, kuanguka. Hakuna dawa ya kuondoa sumu mwilini.

Zungushia bwawa uzio, vuta maji kwa bomba lenye mdomo uliofungwa kwenye boya, ukining'inia nusu mita hadi mita moja chini ya uso na juu ya tope, upeleke kwenye birika la pembeni. Uzio huohuo unazuia kinyesi kuingia bwawani, na kinyesi ndicho kilicholisha mwani.

Naombeni msitie mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu. Wauzaji wanausifu kwa kuwa siku ya pili maji yanang'aa. Umepasua seli zote kwa pamoja, sumu yote iko majini, mwani uliokufa unaoza na kumaliza oksijeni, na shaba inabaki kwenye tope. Aliyeshautia asinyweshe mifugo hapo kwa wiki kadhaa.

#11 MtamboWaMaji

Swali kwa Ziwa_na_Upepo. Ikiwa upepo na joto haviko mikononi mwetu, kuna faida gani kupambana na Nakivubo? Wapo wanaosema tusubiri nchi kubwa zipunguze moshi kwanza.

#12 Ziwa_na_Upepo

Mkuu, kwa sababu utulivu wa maji haujengi mwani bila chakula. Gramu 1 ya fosforasi inatosha kujenga takriban gramu 100 za mwani mkavu. Mtu mmoja hutoa kama gramu 1.5 za fosforasi kwa siku. Watu 1,000 ambao choo chao kinafika ziwani wanalisha hadi kilo 150 za mwani mkavu kila siku. Na mwani huo ukifa, kila gramu inahitaji zaidi ya gramu 1 ya oksijeni ili ioze. Ukizuia fosforasi, siku tulivu inabaki kuwa siku tulivu tu.

Tena mabadiliko ya tabianchi yanaifanya kazi hiyo iwe ya haraka zaidi. Mvua kubwa ya muda mfupi huosha kwa saa mbili kile kilichojikusanya kwa miezi miwili ya kiangazi. Mwaka 2020 Viktoria lilipanda mpaka kiwango cha rekodi ya 1964, maji yakaingia mialoni na kwenye vyoo vya shimo vya ufukweni. Choo kilichojengwa mita kumi kutoka ukingo wa mwaka 2006, ziwa lilipokuwa limeshuka sana, kilikuwa ndani ya ziwa mwaka 2020. Mipaka ya ujenzi ipimwe kutoka kwenye kiwango cha juu cha kihistoria, isipimwe kutoka pale maji yalipo leo.

Mtambo wa majitaka wa Bugolobi una uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku, na ni hatua kubwa. Lakini sehemu kubwa ya Kampala haina bomba la majitaka, inatumia mashimo. Malori ya kunyonya vyoo yanapaswa kufika mitambo ya Lubigi na Bugolobi badala ya kumwaga mtaroni usiku. Na kinamasi cha Nakivubo kina kazi pale tu maji yanapotapakaa polepole kwenye mizizi ya mafunjo. Mtaro ukichimbwa moja kwa moja katikati, au mafunjo yakikatwa kupanda magimbi, maji yanapita bila kugusa kitu.

#13 Darubini_Mwani

Jambo la mwisho kwa waliosema watanunua kipima oksijeni baada ya kusoma #4. Kabla ya kukitumia, kiwekeeni kimo cha mita 1,134, au shinikizo halisi la hewa. Vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepangiwa usawa wa bahari, na usiporekebisha, kipimo cha miligramu 3.4 alfajiri kinaweza kuwa 2.9 kwa kweli. Hapo ndipo mtu anapolisha samaki wakati alipaswa kusubiri. Badilisheni utando wa kitambuzi ukikunjika au ukiwa na kiputo ndani, na kama ni cha mwanga, futeni ute wa mwani kichwani mwake kila baada ya kukitumia. Andikeni saa pembeni ya kila namba, kwa sababu oksijeni bila saa haina maana kwenye maji ya kijani.